Mafuta ya Mara ya Pili

Mama yangu alikuwa anakamua ngazi, matunda ya muchikichi, mara mbili. Ya kwanza, kiisha kupika na kutwanga, ilikuwa mafuta ya kupeleka soko. Kiisha alikuwa anachukua makapi, zile nyuzi zenye kubakia, anatia maji ya moto, anakamua tena na vidole vyote kumi mpaka mishipa ya shingo inasimama. Hapo yalikuwa yanatoka mafuta mengine, kidogo, mazito. Hayo yalikuwa yetu sisi watoto.

"Mafuta haitupwake," alikuwa anasema. "Mwenye kutupa mafuta ametupa mutoto."

Sasa niko mama wa miaka makumi ine na zaidi, na mikono ya mama yangu ndiyo mikono niko nayo. Ni hiyo mikono iliniletea woga huu ninaoandika hapa.

Nilikuwa reko. Ni vile hapa Kasongo tunaita wale wanapita nyumba kwa nyumba wakati ya kampanye ya watoto. Tulikuwa tunatembea wawili wawili: mumoja na makaratasi, mumoja na makasi. Mimi nilipenda makasi, lakini walinipa na makaratasi pia, juu mwenzangu hakujua kuandika. Tulikuwa tunatoa vitamini A. Iko mu kapsule laini, ya bulu kwa mutoto wa miezi sita mpaka karibu mwaka, nyekundu kwa wakubwa kidogo. Kila kapsule iko na kichwa ndogo sawa chuchu ya mbuzi. Unakata ile chuchu, mutoto anapanua kinywa, unakamua, unatupa ganda mu sashe ya plastiki. Mangaribi sashe inarudi ku santre ya afya, wanachoma.

Mbele ya kazi walitufundisha siku moja nzima. Niliandika kila kitu mu kaye. Kuandika nilijifunza ukubwani, ku masomo ya mangaribi ya kanisa, kiisha kuosha masahani, na mutoto mugongoni. Ile siku ya mafundisho nilikuwa na furaha ya kuandika kushinda furaha ya kusikia. Munganga alisema, biki yangu ikakimbia. Nilijaza kurasa tatu, nikafunga kaye, nikaenda nyumbani sawa mutu mwenye amevuna.

Sasa lile sashe. Siku ya mwisho ya kampanye nilichungulia ndani, nikaona maganda yanang'aa. Nilichukua moja, nikaifinya. Ilitoa tone. Nikachukua ingine. Ikatoa tone. Vidole vyangu vikaamka, nakuambia, kama mbwa mwenye amesikia jina yake. Nilisema mu moyo: hii ni mafuta ya watoto wa Mungu, na inaenda kuchomwa! Nilimimina maganda ya siku ile mu kopo ya maziwa, nikafunika. Na mu mufuko wa rinda yangu kulikuwa kapsule mbili nyekundu, nzima, za nyumba moja kule baba wa watoto alitufukuza. Ku karatasi niliandika kwamba zilipasuka.

Hiyo ilikuwa uongo. Niliuandika na herufi nzuri.

Yapata juma mbili kiisha kampanye, binti yangu mukubwa alifika kutoka Wamaza, amebebwa ku pikipiki ya mutu wa kijiji yao. Aliolewa kule. Bwana yake alikuwa amekwenda Salamabila kuchimba, na yeye alibakia na wakwe, kiisha kukakuwa fujo, wakakimbilia pori. Majuma mingi walikula muhogo na chumvi. Aliposhuka ku pikipiki sikumujua. Shingo yake ilikuwa nyembamba sawa ya kuku wa kuuguza.

Yeye iko na jina ya mama yangu, ndiyo maana na mimi namuita Mama. Watu wakitusikia wanacheka.

"Karibu, Mama," nikamuambia.

"Asante, Mama," akajibu, akatapika pale pale pembeni ya nyumba.

"Nini tena?"

"Ni muhogo. Tumbo yangu imechoka muhogo."

Nilimuamini. Nimezaa mara saba, na nilimuamini.

Siku ya pili, jua ikizama, nilimutuma alete chungu ya sombe, majani ya muhogo, pale nje. Alitembea akinyoosha mikono mbele, akakanyaga ukingo wa moto, akapiga kelele. Nilidhani ni uchovu. Kesho yake saa ile ile nilisimama mbele yake na kijiko mukononi, nikanyamaza. Hakuikamata. Aliangalia karibu na kichwa yangu, si uso yangu.

"Mama, unaniona?"

"Nakuona."

"Niko na nini mukononi?"

Alinyoosha mukono, akakamata hewa. Kiisha akacheka kidogo, ile kicheko ya haya. "Mchana naona muzuri. Ni hii saa tu. Kule pori tulikuwa wengi hivi."

Kwetu tunasema mutu wa vile iko na macho ya kuku, juu kuku jua ikizama haoni tena njia. Na ku mafundisho walisema wazi: vitamini A ndiyo inafungua macho hayo. Hiyo nilisikia. Hiyo ilibakia mu kichwa sawa wimbo.

Basi nilitoa kopo. Nilitia maganda mu bakuli, nikamwangia mawese ya vuguvugu, nikakamua moja moja, mara ya pili ya mama yangu, mpaka maganda ikabakia kavu sawa ngozi ya maharagi. Kiisha nikakata zile mbili nzima, nikakamua ndani pia. Ilijaza chupa ndogo. Kila mangaribi nilimupa kijiko moja juu ya ugali. Mbele ya kumupa nilikuwa naomba: "Bwana, wewe ulifungua macho ya vipofu." Alikuwa anafunga macho, anapanua kinywa sawa mutoto wa kampanye.

Chupa haikumaliza juma moja. Na macho ilifunguka! Mangaribi moja alisimama ku mulango akasema, "Mama, mbuzi wa jirani anakula nguo yako," na ilikuwa kweli, mbuzi alikuwa mbali, giza ilikuwa inaingia. Nilipiga vigelegele. Siku ya Yenga, siku ya ibada, nilisimama mu kanisa nikatoa ushuhuda. Mama wote walipiga makofi. Jirani yangu, mama mukubwa wa Kiislamu ambaye tunagawana naye kisima na chumvi, alikuja mwenyewe kuuliza.

"Shoga, nasikia uko na dawa ya macho. Mimi sindano siioni tena ata mchana."

"Imeisha, mama mukubwa."

"Imeisha! Munganga wa makasi, unaponyesha watoto wako, sisi unatuachia ushuhuda."

Tulicheka sana. Leo nashukuru kwamba ilikuwa imeisha.

Miezi mitatu ikapita. Binti yangu alinenepa, uso yake ilirudi. Asubuhi moja alikuwa anaoga nyuma ya nyumba, upepo ikafungua pazia, na mimi nilikuwa napita na ndoo. Niliona tumbo.

Niliweka ndoo chini.

"Mama," nikasema. "Ile ni nini?"

Alijifunika na kitenge. "Wewe mwenye kuzaa saba, unaniuliza ni nini?"

"Tangu lini?"

"Nilikuja nayo kutoka Wamaza."

"Na haukuniambia?"

"Ile ya kwanza nilisema mbio, ikatoka. Kijiji nzima ilijua mbele ya mimba yenyewe kujua. Hii nilisema nitanyamaza mpaka itajisema yenyewe." Akacheka, akapiga tumbo kidogo. "Sasa imejisema."

Sikumulaumu. Ni vile tunafanya. Mimba changa haitangazwake, ata kwa mama, juu midomo ya watu ni mingi. Mimi mwenyewe nilificha zangu. Nilimukumbatia na maji yake yote, nikaanza wimbo, na katikati ya wimbo sauti yangu ikakatika. Kitu ilikuwa imenipita mu kichwa, mbio, sawa panya mwenye kupita ukutani. Sikuiona muzuri, lakini niliona mukia.

Niliingia mu nyumba, nikatafuta kaye ya mafundisho chini ya Biblia. Ukurasa ya tatu, mustari wa chini kabisa, na herufi zangu mimi, kubwa, za kujivunia:

MAMA WA MIMBA HAPANA.

Niliisoma na kidole, neno kwa neno, sawa vile walitufundisha masomo ya mangaribi. Kiisha nikaisoma tena, labda nimekosea. Haikuwa makosa. Ata kituo niliweka.

Nilihesabu na vidole. Siku ya kufika, kutapika, kijiko, chupa. Mimba ilikuwa na miezi miwili, labda kidogo zaidi. Niliketi chini, na nje nilisikia binti yangu anamaliza wimbo yenye mimi nilianza.

Kesho yake nilienda ku santre peke yangu, nikasema naenda kutafuta kuni. Munganga wa pale ni kijana mutulivu, amezaliwa upande wa Nyangwe, anatusalimia sisi mama wote na heshima. Niliketi mbele yake nikaeleza yote: maganda, zile mbili nzima, karatasi ya uongo. Hakunikatiza. Biki yake ilisimama tu.

"Mama," akasema, "ulimupa kiasi gani?"

"Kijiko moja kila mangaribi."

"Sikuulizi kijiko. Ndani ya kijiko kulikuwa vitamini kiasi gani?"

"Sijui."

"Maganda yalikuwa ngapi?"

"Ya siku moja. Sijui. Yalijaza nusu ya kopo."

Aliondoa miwani, akapangusa. Hapo ndipo niliogopa kabisa, juu niliona naye iko anaogopa.

"Sikia, mama," akasema. "Vitamini ya mawese, ya sombe, ya papai, mwili inachukua yenye inahitaji, ingine inaacha. Ile ya kapsule haiulize. Inaingia yote. Kwa mutoto mwenye kukosa, mara moja kwa miezi mingi, ni muzuri sana, inaokoa. Kwa mama mwenye mimba, na zaidi ile miezi ya kwanza wakati mutoto anatengenezwa, ikikuwa mingi inaweza kuharibu. Moyo. Uso. Masikio."

"Inaweza, ao imeharibu?"

"Inaweza. Sijui. Hakuna mutu hapa mwenye anaweza kukuambia."

"Lakini alikuwa haoni, munganga!"

"Ningemusaidia. Mama wa mimba mwenye haoni mangaribi tuko na namna yake, kidogo kidogo, na ni sisi tunapima. Ungemuleta." Alisema hivyo bila hasira, na ile ilinichoma kushinda hasira. "Na mawese yenu musiichome mpaka inakuwa nyeupe. Munaua kitu muzuri yote mu moto, kiisha munakuja kuitafuta mu maganda."

Nilipoinuka alisema tena, "Mama, umuambie. Na umulete tumupime, aanze dawa ya damu."

Sikumuambia. Yenga tatu zilipita. Nilifunga kila siku ya tano ya juma na mangaribi ya Yenga, nilipiga magoti mpaka mukeka ilichora magoti yangu. Nilikuwa naomba Mungu arudishe mikono yangu nyuma, vitu vyenye Mungu hafanyake. Kila mutoto mwenye kuwa na kilema mu kartye, mutaa yetu, nilikuwa namuona sasa, mbele sikuwa nawaona. Ku soko niliangalia mudomo ya mutoto wa mutu, mama yake akaniuliza, "Unaangalia nini?" nikakimbia.

Binti yangu alikuwa anashona kofia ya mutoto. Aliivalisha nyanya moja kubwa, sawa kichwa ya mutoto, anionyeshe.

"Mama, itatosha?"

Nilisema itatosha. Nilienda kulia jikoni, nikasema ni moshi.

Yenga ya ine, mahubiri ilikuwa juu ya mutu mwenye kuficha kosa yake. Nilirudi nyumbani, sikuvua ata nguo ya kanisa. Nilimuketisha, nikaweka kaye mbele yake. Yeye alisoma mpaka darasa ya sita, anasoma mbio kunipita. Nilionyesha mustari na kidole.

Alisoma. Aliniangalia. "Hii ni ya nini?"

"Ile mafuta ya macho."

Alisoma mustari tena, naye na kidole. Kiisha akauliza polepole, "Uliandika hii mbele ao nyuma ya kunipa?"

"Mbele."

"Na mukono yako mwenyewe?"

"Na mukono yangu."

"Basi shule ilikusaidia nini, Mama?"

Nilifunga kaye.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alichukua ile kofia, akaikunja ndogo ndogo, akaifunga mu kona ya kitenge, akaacha kushona. Tangu siku ile alikula yenye alipika yeye mwenyewe. Nikimupa maji, anamwanga, anachota ingine.

Nilimuambia maneno ya munganga, kwamba aende kupimwa. Alikwenda, peke yake. Walimupa dawa ya damu, vile vidonge vya kila siku. Alirudi, akaviweka juu ya meza, akaviangalia.

"Hivi pia ni vitamini?"

"Ni vya damu. Ni vya mama wa mimba, vyenyewe."

"Ni vile ulisema na mafuta."

"Mama, walikupa ku santre, si mimi!"

"Vinageuza choo nyeusi, vinaleta kichefuchefu, wamama wote wanasema. Nimeshiba vitu vya kuongeza mu tumbo hii. Aliye ndani amekunywa vya kutosha."

Hakumeza ata kimoja. Nilijua munganga alisema nini kuhusu damu, juu hiyo pia iko mu kaye, na sasa nilikuwa nasoma kaye kila siku sawa Zaburi: mama asiye na damu, akizaa, ile kidogo yenye anapoteza inaweza kumubeba. Niliangalia kope zake akilala mchana. Ndani zilikuwa nyeupe sawa karatasi. Akitoka kisimani alikuwa anapumzika mara tatu njiani, mukono ku kiuno, mudomo wazi.

Sasa woga ikakuwa mbili. Mutoto, na mama yake. Nilikuwa nimemupa chenye hakuhitaji, na sasa chenye alihitaji hakukipokea, juu kilipita karibu na mukono yangu. Nilijaribu kila namna. Nilimusomea karatasi ya vidonge, ata pale inasema choo itakuwa nyeusi. Nilitaka kusaga kimoja nitie mu sombe yake bila yeye kujua, na nilikuwa tayari na jiwe mukononi. Niliona mukono yangu na lile jiwe. Nikasema, ewe mwanamuke, haujajifunza kitu. Nikaweka jiwe chini.

Nilienda kwa jirani yangu, mama mukubwa. Nilimueleza yote, ata uongo ya karatasi. Alisikiliza akichambua muchele, hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo ushuhuda ile yote tulipiga makofi bure," akasema.

"Mama mukubwa, usinicheke leo."

"Sicheki. Leta hivyo vidonge."

"Utamuambia nini?"

"Wewe nenda uketi. Kazi yako sasa ni kuketi. Utaiweza?"

Mangaribi ile alimuita binti yangu kupitia uzio. "Wewe, bibi harusi wa Wamaza! Kuja unisaidie kutia uzi mu sindano, macho yangu haiponi, mama yako alininyima mafuta." Nilisikia binti yangu anacheka, mara ya kwanza tangu majuma. Alikawia kule. Nyuma ya hapo alienda kila mangaribi, kiisha kula. Mama mukubwa alikuwa anaweka pakiti kwake, juu ya kabati, na hakumupa yeye kidonge mukononi: alimuachia pakiti, asome mwenyewe, atoe mwenyewe. Mimi nilikuwa naketi upande huu wa uzio. Nilikuwa nasikia kile kidonge kinatoka mu karatasi yake, *tak*, kiisha maji, kiisha mama mukubwa anasema, "Hongera, umeongeza ndoo moja ya damu." Nilikuwa nangojea ile *tak* sawa vile wengine wanangojea kengele ya kanisa. Siku moja ya mvua kubwa sikuisikia. Sikuinuka. Nilikamata magoti yangu na mikono yote miwili. Kiisha mvua ilipunguza, na ikasikika.

Siku moja alirudi akasimama mbele yangu. "Choo ni nyeusi kweli," akasema.

"Ndiyo, ni vile inafanya."

"Hiyo uliniambia kweli." Akaingia ndani.

Uchungu ilimukamata asubuhi. Munganga alikuwa amepanga azalie ku hopitali kubwa, si santre, juu ya yale nilifanya. Nilibeba mufuko, yeye alitembea mbele, mama mukubwa katikati yetu. Ku chumba ya kuzalia walituacha nje. Nilikuwa na Biblia lakini sikuifungua. Nilihesabu mawe ya ukuta. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, na nitasema bila haya: sikuomba mutoto awe muzima, niliona nimepoteza haki hiyo. Niliomba, kama kuko kilema, binti yangu asiione mbele yangu. Nitangulie mimi kuiona.

Mutoto alilia. Binti yangu alipoteza damu, si mingi, lakini mukunga alikuja nje akiwa na jasho, akaniambia, "Kama angekuwa na damu ya wale wenye wanakatala vidonge, saa hii tungekuwa tunasema maneno ingine."

Walinipa mutoto amefungwa. Ni musichana. Niliogopa kufungua kitenge. Mama mukubwa aliniambia, "Fungua, si muhogo." Nilifungua. Vidole nilihesabu, vyote. Nilitia kidole kisafi mu kinywa yake, nikapapasa juu, ilikuwa nzima. Munganga wa hopitali alisikiliza moyo, muda murefu, akasema hasikii kitu mubaya. Kiisha niligeuza kichwa yake.

Sikio ya kushoto ilikuwa imekunjika juu, sawa jani lenye muhogo umekalia, na ndogo kidogo kushinda ya kuume.

"Ni kulala vibaya mu tumbo," mukunga akasema. "Wengi wanazaliwa vile. Itanyooka."

"Ni sikio ya babu ya bwana yangu," binti yangu akasema kutoka kitandani. "Ile ya Wamaza. Yake pia iko vile."

Munganga nilimuuliza pembeni. Alisema, "Inaweza kuwa familia. Inaweza kuwa kulala. Inaweza kuwa ile ingine. Mama, sitakudanganya." Nilimushukuru, na nilitamani angenidanganya.

Haikunyooka. Iko vile mpaka leo. Miezi ya kwanza nilikuwa napiga makofi polepole upande wa kushoto, wakati hakuna mutu, niangalie kama atageuka. Aligeuka. Kesho napiga tena.

Nilienda pia kwa mukubwa wa kazi ya kampanye, nikamuambia juu ya karatasi ya uongo na maganda. Aliniondoa mu ma-reko. Ilikuwa haki. Nilirudisha makasi.

Mutoto alipofikisha miezi saba, kampanye ilirudi. Reko mupya, musichana wa kartye ya chini, alifika kwetu saa tisa na sashe na makasi. Ilikuwa makasi ile ile, niliijua ku mupini wake wenye kufungwa na uzi. Binti yangu alikuwa ku mukeka na mutoto. Nilijua atasema hapana, na nilijua sitasema kitu. Mutoto huyu alihitaji, miezi yake ilifika, na mimi ndiye niliharibu njia ya kitu muzuri kuingia mu kinywa yake.

Binti yangu aliangalia kapsule mukononi mwa reko. Kiisha, bila kunigeukia, akasema, "Mama. Ile ni rangi gani?"

Yeye iko na macho. Ni mchana.

"Bulu," nikasema. "Ya miezi sita mpaka mwaka. Moja tu. Kiisha mpaka miezi sita ingine."

"Umesoma wapi?"

"Mu kaye."

"Mustari wa ngapi?"

"Ukurasa ya pili, juu kabisa."

"Kata," akamuambia reko.

Reko alikata, akakamua, mutoto akakunja uso, akameza. Musichana alikuwa na haraka, alitupa ganda, ikapita pembeni ya sashe, ikaanguka ku mukeka karibu na muguu yangu. Niliiokota. Ndani ilikuwa inang'aa. Kulikuwa tone, nzima, ya mafuta, na vidole vyangu viwili vilikuwa tayari vimekutana juu yake. Binti yangu alikuwa anaangalia mukono yangu.

Nilifungua sashe, nikatupa ganda na tone yake ndani.

Binti yangu aliinua mutoto, akaniwekea mapajani. "Mupanguse mudomo," akasema. Nilimupangusa na kona ya kitenge, upande wa kuume, kiisha upande wa lile sikio.